Jani lako litakufa kabla jahazi halijatia nanga Lamu

Ndugu, umeuliza kama "jani la kesha" la riwaya zako za kifantasia, linalotafunwa na walinzi na kuletwa Lamu kwa jahazi safari ya mwezi mzima, linaaminika. Huo mwezi ndio unaokuharibia.

Jani lako ni miraa iliyobadilishwa jina. Nguvu ya miraa ni kemikali iitwayo kathinoni, nayo huanza kupungua mara tawi linapochumwa. Siku mbili hivi baadaye kilichobaki zaidi ni kathini, kemikali nyingine iliyo hafifu. Ndiyo maana mafungu hufungwa kwa majani ya mgomba na magari ya kutoka Meru hukimbizwa vile. Kwa hiyo jani lako lipandwe bara, mwendo wa siku moja kutoka Lamu (mzigo ukikwama njiani, una sura nzima ya bure), ama badilisha kilevi chenyewe.

Cha kusafiri na kaskazi ni kasumba (afyuni): ikikauka hukaa miaka. Lakini dalili zigeuke. Mlinzi hatakesha, atasinzia. Mboni zitakuwa ncha ya sindano, choo kitafunga, na akizidisha, pumzi ndiyo itakayomkatikia.

Arosto, yaani mateso ya kukikosa kilevi hicho, usiijaze mayowe na majini. Ni miayo, kamasi, machozi, vinyweleo kusimama, kisha tumbo kusokota na kuhara, kilele siku ya pili au ya tatu. Wasomaji wa Malindi wanaijua vizuri, watakucheka. Na akiacha wiki kadhaa kisha akarudia kipimo chake cha zamani, muue: mwili umeshasahau kukihimili.