Jibu: Pikipiki ya babu, Honda C70, imelala Igoma, Mwanza, nianze na rangi au injini?

Mkuu, rangi iache kabisa kwa sasa. Umesema haijawashwa miaka mingi na unataka kukata mkia, yaani kipande cha nyuma cha fremu, ikae kisasa. Vua plagi kwanza, mimina oili kidogo kwenye silinda, iache ilale, kesho yake zungusha kiki taratibu kwa mkono. Ikizunguka, safisha kabureta na tanki, kisha sugua platini (vile vidude vya kukata na kuunga umeme wa plagi) kwa msasa laini na uweke nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Nyingi hufufukia hapo hapo.

Kwenye kukata ndiyo uwe makini. C70 haina fremu ya mabomba, ni bati lililokandamizwa na kuunganishwa, na shokapu za nyuma zimeshikwa na bati hilo hilo. Kata nyuma ya shokapu tu, usisogee mbele. Gonga bati kwa nyundo ndogo kabla ya lolote, maana kwa unyevu wetu huu wa ziwani kutu hulila kwa ndani, hasa chini ya betri.

Kama ni ya volti 6, usiifungie balbu za bodaboda, zile ni za volti 12.

Kuna watakaokushauri ufunge injini ya Kichina ya cc 110, ya silinda iliyolala. Inaingia kwenye bolti zile zile mbili, ni kweli. Mimi nisingefanya, ya babu ikichongwa silinda (ipanuliwe kidogo kwa mashine) pale Nyakato itadunda tu. Ukibadili rangi au injini, kadi nayo irekebishwe TRA.

Weka picha ya upande wa cheni.