Blanketi ya tembo na mtoto wa yaya

Mumeuliza wiki hii: ni wapi ulienda kutembea tu, ukarudi umebadilisha kitu nyumbani? Bon, mimi ni Nairobi. Nilikuwa nimemsindikiza baba kwa operesheni ya macho, na huku Goma nilikuwa nimeacha mtoto wa marehemu yaya wangu (ndugu yangu mkubwa), wa miaka 2, mimi njo nilikuwa namlea na hakutaka mtu mwingine amguse. Siku ya tatu wananipigia simu, eti mtoto amekataa uji, anafinika uso na kikwembe changu (kitenge) na kulia.

Kesho yake baba akasema twende tuone watoto wa tembo (kule wanasema ndovu), pale Sheldrick, kituo cha kulea tembo yatima ndani ya Nairobi National Park, maana nilikuwa nimekaa tu kama mgonjwa ni mimi. Unaingia saa tano, saa sita unatoka, mnasimama nyuma ya kamba. Mimi nilidhani mtoto wa tembo anatembea polepole kama mzee, kumbe wanakuja mbio masikio yamepanuka, chupa ya maziwa inaisha hujapiga hata picha, halafu ni kujitupa kwenye matope mekundu (sisi wa udongo mweusi wa volkeno tukashangaa rangi tu).

Wananyonyeshwa kila baada ya masaa matatu, hata usiku, njo maana mlezi analala humo humo kibandani. Na hawawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe, Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa kituo, alihangaika miaka na miaka, akipoteza watoto, mpaka akapata kwamba mafuta ya nazi yanawafaa. Mmoja aliyemlea hivyo, Aisha, alikuwa mchanga kabisa, akanona, lakini alijua Daphne peke yake. Daphne akasafiri kwa harusi ya binti yake, Aisha akakataa kula, akafa. Tangu hapo walezi wanabadilishana, leo huyu kesho yule, tembo asishikamane na mtu mmoja.

Hapo mimi nililia, watu wakadhani ni huruma ya tembo.

Na ile blanketi! Wanaitundika kwenye kamba, mtoto anaegemeza mkonga juu yake huku ananyonya, kama vile ni tumbo la mama. Nikakumbuka kikwembe changu.

Nilivyorudi tulipanga: usiku huu analala na koko (bibi yake), kesho na mama mukubwa, kesho kutwa na mimi, na kikwembe kinamfuata popote. Wiki ya kwanza ilikuwa kelele tupu, koko alitaka kuacha, akaniambia hayo mambo ya wanyama niyabakishe huko huko Nairobi.

Juzi nimetoka soko la Virunga nakuta yuko mgongoni mwa jirani anakula ndizi, hata hakugeuka. Niliumia kidogo, siwafichi.