Lyudmila au Mila?

Dada, hongera kwa ujauzito. Umesema mume wako Mrusi anataka binti yenu atakayezaliwa Manchester aitwe Lyudmila, kama mama yake, nawe unahofia Waingereza watalivuruga. Kweli watalivuruga, hilo “Lyu” la mwanzo huwashinda wengi. Mimi ningeandikisha Mila. Warusi wenyewe hulifupisha hivyo nyumbani, kwa hiyo bibi hatakosa heshima yake, na mwalimu wa chekechea atalitamka bila taabu.

Mkishikilia jina zima, kubalianeni tahajia mapema. Pasipoti za Urusi siku hizi huandika Liudmila, kwa i. Cheti cha Uingereza kikisema Lyudmila, mtoto atabeba hati mbili zisizolingana, na maelezo mtatoa nyinyi kila safari. Anna, Vera na Nina hayana shida hiyo.