Mdogo wangu kanipita kwa pointi tano

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi na mdogo wangu wa kike tuna ligi yetu ya watu wawili kwenye fantasi ya Ligi Kuu ya England, ule mchezo wa simuni wa kupanga kikosi cha wachezaji na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani. Anayeshindwa anamnunulia mama kiroba cha mchele cha kilo 25. Msimu wa 2024/25 kanipita kwa pointi tano. Lakini Shangazi, Idd pili tulikuwa wote nyumbani Tanga, nikajua tuna hadi saa tatu usiku kubadilisha vikosi, kama kawaida ya mechi za katikati ya wiki. Nafungua simu saa mbili na nusu, kumefungwa! Kepteni wangu Haaland, yule ambaye pointi zake zinahesabiwa mara mbili, alishaumia, nilipanga kumtoa nimweke Isak, na Isak akafunga. Mdogo wangu yuko mkekani pembeni yangu, kikosi chake kashakipanga kimya kimya, hata kunikumbusha hakunikumbusha. Mchele sijanunua mpaka leo. Nina haki?
Kaka Mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Waingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwaka 2025 iliangukia tarehe 30, kabla tu ya hiyo Idd pili yenu, siku ileile Haaland alipoumia kifundo cha mguu kule Bournemouth. Saa zetu hazisogei, kwa hiyo mechi zao zinatufikia saa nzima mapema kuliko tulivyozoea, na dedilaini ya kupanga kikosi, ambayo ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, inakuja nazo. Simu yako ilikuwa inaionyesha kwa saa za hapa hapa. Wewe ulikuwa na pilau.

Haya, tuje kwa Haaland. Hakucheza, basi kitambaa cha ukepteni kilikwenda kwa naibu wake na mtu wa benchi akaingia bila wewe kugusa kitu. Isak umemtaja, hao wawili umewaruka. Naibu alikuwa Salah, au nakusingizia? Msimu ule alimaliza na pointi 344, nani hakuwa naye? Wiki ile Liverpool walimfunga Everton 1-0, bao la Jota, Salah akatoka mikono mitupu. Hata ungewahi, nahisi kitambaa kingebaki kwake yeye yule. Na huyo wa benchi alikuletea pointi ngapi? Zitoe kwanza kwenye hizo za Isak, ndipo tuzungumze. Kumnunua mfungaji baada ya mechi hata mimi naweza. Kaka yangu kila Jumatatu ana kikosi cha mdomoni ambacho hakijawahi kufungwa.

Mchele nunua, wa Kyela ukiupata, upeleke mwenyewe Tanga. Mama hajui Isak ni nani.

Eti hakukukumbusha! Mwanangu, mimi nikimwona kaka yangu kasinzia kwenye kochi siku ya dedilaini na kikosi hajagusa, napunguza sauti ya televisheni asije akashtuka.