Kulala Mlima Elgon na Mtoto Mdogo: Panga Usiku Kwanza

Mzazi akiniuliza kuhusu kumpeleka mtoto mdogo mlimani kwa gari la kulala, swali langu la kwanza huwa: mtalalaje? Mchana wa Mlima Elgon haumshindi mtu. Mpe mtoto wa miaka miwili kijiti, kidimbwi cha maji na mbega wa kutazama juu ya miti, siku itakwisha yenyewe. Kazi iko usiku, hasa kwetu sisi wa Kisumu, ambako mtoto amezoea kulala na fulana moja chini ya chandarua, feni ikizunguka.

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kitale ni kama 1,900, na kilele cha Koitobos upande wa Kenya kinafika 4,222. Koitobos waachie wakubwa. Ukiwa na mtoto, piga kambi kwenye maeneo ya chini, karibu na lango la Chorlim la kuingilia mbuga ya taifa ya Mlima Elgon, na hata huko usimpeleke moja kwa moja kutoka ziwani, maana kupanda juu ghafla kunaweza kumgonjwesha mtu. Sisi tunapitia Kakamega, Webuye na Kiminini, tunalala Kitale au kwenye mbuga ndogo ya Saiwa, ndipo kesho yake tunaelekea Endebess na langoni. Saiwa naipendekeza kwa moyo wote. Ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kilomita 3 hivi za mraba, ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, aina ya swala wa kinamasini, na ndani yake watu hutembea kwa miguu. Usiku wa huko utakuonyesha kama nguo mlizobeba zinatosha.

Mtoto asiyeweza kusema "kichwa kinaniuma" atakwambia kwa kukataa uji, kutapika, kulialia na kukosa usingizi. Ukiyaona hayo baada ya kupanda juu, dawa ya kwanza ni kuteremka.

Sasa baridi. Mama mkwe wangu aliposikia tunakwenda alisema, "Mtamletea mtoto nimonia." Sikubishana naye, maana hofu yake ni ya mapenzi. Nimonia huletwa na vijidudu, lakini mtoto anayetetemeka usiku kucha anataabika, na nyumba nzima inakesha naye. Basi mvishe tabakatabaka: fulana ya pamba inayobana mwili, sweta, kisha ovaroli ya kulalia yenye soksi. Usiguse mikono kujua kama anasikia baridi, kwa sababu mikono ya mtoto hupoa haraka. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo. Pakiwa na joto kavu, mwache. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja, kwa kuwa jasho likipoa saa tisa usiku ndilo litakalomwamsha akilia. Kabla ya kulala tunaweka chupa ya maji moto ndani ya soksi nene, tunailaza kwenye godoro pale atakapolala, kisha tunaiondoa kabla hajaingia.

Hapa nisikilizwe vizuri. Jiko la makaa lisiingie garini usiku, hata likiwa limebaki majivu. Hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtu husinzia na asiamke tena. Jiko la gesi vilevile si la kupasha joto mahali pa kulala, na injini isiachwe ikinguruma mkiwa mmefunga vioo. Tena acheni kioo wazi upana wa kidole. Pumzi za watu watatu ndani ya Hiace hugeuka maji. Asubuhi utaona vioo vinatiririka na pembe ya blanketi iliyogusa bati imelowa chapachapa. Upenyo ule mdogo husaidia blanketi kukaa kavu, na blanketi kavu ndilo linalotunza joto.

Gari letu lilikuwa matatu. Fundi alitoa viti vya nyuma akatuwekea kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake, lakini tulimwomba abakize kiti kimoja kirefu chenye mikanda, na hapo ndipo kiti cha mtoto kinapofungwa. Kitanda kinashawishi sana: mtoto amesinzia, godoro lipo, mbona asilazwe? Asilazwe. Barabara hii ina matuta ya ghafla, na dereva akikanyaga breki mtoto aliye kwenye godoro hana kinachomshika. Simamisheni gari, alale, kisha mwendelee.

Chakula ni rahisi mkijua tabia ya maji. Kila mkipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hupungua kwa nyuzi moja. Kwenye mita 2,400 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Maharagwe yatawamalizia mtungi wa kilo 6 yakiwa bado magumu. Yachemsheni nyumbani. Uji wa wimbi wa alfajiri upikeni jioni, muuweke kwenye thamosi.

Usiku mtoto asitoke nje. Nyati na ndovu ni wenyeji wa mlima huu, na nyati hupenda nyasi fupi zilezile tunazozipenda kwa kambi. Bebeni poti au ndoo yenye kifuniko. Chakula chote kiingie ndani, kwa kuwa nyani hawaombi ruhusa.

Mtaambiwa msikose pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Ni ajabu ya kweli. Lakini mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliokuwa wametembelea pango hilo waliugua homa ya Marburg wakafariki, na popo wa matunda wanaoishi mapangoni ndio hubeba virusi vyake. Mtoto wa miaka miwili hugusa kila kitu kisha hutia vidole mdomoni. Wetu hatumpeleki.

Chagueni Desemba hadi Februari. Mvua ya huku huendelea hata baada ya masika, na udongo wa mlimani ukilowa, gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne linateleza tu.

Mkirudi, mtoto akipata homa katika wiki zinazofuata, msiseme ni baridi ya mlimani. Mpelekeni akapimwe malaria, kwani sisi wa kando ya ziwa tunaishi nayo mwaka mzima, na mwelezeni daktari mlikokuwa.