Umetumia matone ya kuzibua pua mwezi mzima, na bado pua imeziba na unapiga chafya kila asubuhi?
Dada, hapo ndipo penye shida. Matone ya zailometazolini (dawa ya kuzibua pua) ni ya siku chache tu, 5 hadi 7. Ukizidisha, yenyewe ndiyo yanayoziba pua. Chafya za mfululizo kila asubuhi, pua kuwasha na makamasi mepesi bila homa, hiyo inaelekea kuwa aleji. Muulize daktari au mfamasia dawa ya kupuliza puani yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe). Unapopuliza, inamisha kichwa mbele kidogo, elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, si ukuta wa katikati (wengi hukosea hapa, pua inatoka damu), wala usivute kwa nguvu. Ipulize kila siku. Nafuu kamili huweza kuchukua wiki 2. Kwa vidonge vya aleji, Piriton italeta usingizi, afadhali setirizini. Kifua kikibana au kutoa mlio, nenda ukapimwe pumu.