Jibu: Picha zang'aa kwenye laptopu, zatoka giza studio

Habari ndugu. Umesema picha za harusi ulizopiga Dunga zinapendeza kwenye laptopu, lakini zikichapishwa nyuso zinatoka giza na kitenge chekundu kinageuka kama kutu. Sasa unataka kununua laptopu nyingine.

Kabla ya kutoa pesa, angalia mwangaza wa skrini. Mimi nilikuwa nahariri kibandani hapa Kondele mchana, mwangaza umepandishwa hadi mwisho, kwa hiyo kila picha niliifanya giza bila kujua. Niliharibu albamu nzima ya bibi harusi mmoja, na bado inaniuma. Siku hizi nahariri ndani, pazia limefungwa, mwangaza karibu nusu, na naweka karatasi nyeupe kando ya skrini nilinganishe.

Kisha inamisha skrini mbele na nyuma. Rangi zikibadilika, hiyo ni TN, aina ya skrini isiyofaa kazi yetu. Tafuta IPS, aina ambayo rangi zake hutulia hata ukiinamisha, na kwenye maelezo usome "100% sRGB", yaani inaonyesha rangi zote za kipimo cha kawaida cha picha. Ukiona "45% NTSC", yaani rangi chache, iache, hata muuzaji akusifie vipi. Nyekundu ya kile kitenge hutaiona kamwe. Skrini isiyong'aa itakufaa zaidi, maana ile ya kioo inakuonyesha dirisha na uso wako. Uwiano wa 16:10 (upana kwa kimo cha skrini) pia huongeza nafasi: pikseli 1920 kwa 1200 badala ya 1920 kwa 1080.

Padi ya kugusa ijaribu dukani: kuza picha kwa vidole viwili, uisogeze polepole hadi kwenye jicho. Ikirukaruka, kipanya cha kawaida kitatosha. Pesa weka kwenye skrini.